Nyama Iliyomponza Kasmir

Kijiji cha Kangle,
Wilaya ya Haizhu,
Guangzhou, China.
21 Novemba, 2009

Mpendwa Baba mdogo Respicius,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Na kikohozi cha Mama mdogo je, kimekwisha? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umejaa hasira. Barua hii nimeichana mara mbili.

Niseme mapema usije ukasoma kwa hofu: mwanao Kasmir ni mzima, hajaumia. Lakini polisi wamemshika.

Viza yake iliisha tarehe tisa. Aliomba kuongezewa, kila dirisha wanamwambia "meiyou", yaani hakuna. Siku hizi polisi wanadai pasipoti kila kona, nikamsihi akae ndani. Hakusikia. Jumanne akang'ang'ania twende wote kiwanda cha mabegi, nje ya mji, kuagiza mzigo wa biashara.

Wakati wa kurudi, lori lililokuwa mbele yetu likamgonga nyati, hawa wa kufugwa wanaolima mashamba ya mpunga. Akafa palepale. Mzee mwenye nyati alikaa kando ya barabara analia, hajui aanzie wapi, na jua linawaka. Kasmir akashuka, akamwonyesha kwa mikono kwamba yeye ni mtoto wa mchinjaji. Mzee akampa kisu.

Baba mdogo, ungejivunia. Alipasua tumbo bila kutoboa utumbo, akatupa upande wote uliovilia damu pale alipogongwa, akachuna ngozi haina hata tundu. Mzee akatugawia paja moja na mbavu. Burhani, Mzanzibari tuliyekuwa naye garini, alisema yeye nyamafu hali, lakini alitusaidia kubeba mpaka shati likaharibika.

Hatuna friji. Wazo la kuikausha kwa moshi lilikuwa langu, nakiri. Tuliikata vipande virefu vyembamba, tukaipaka chumvi, tukaitundika kwenye kamba za nguo juu ya paa, chini yake debe lenye moto mdogo wa mbao. Siku mbili nzima Kasmir alikuwa huko juu akiigeuza na kuimba. Sijamsikia akiimba tangu tufike China.

Alhamisi mchana Mama Huang, mwenye nyumba wetu, akalalamika kuwa moshi unaharibu nguo zake. Nikamwomba avumilie hadi jioni. Akashuka zake. Haikupita saa moja, polisi wawili wakawa wanapanda ngazi.

Nikapiga kelele: "Kasmir, vukia paa la pili!" Nyumba za hapa zimebanana, ni hatua moja tu.

Akaitikia: "Ngoja dada, nyama itaungua!"

"Acha iungue!"

Hakuiacha. Walimkuta ameshika kipande mkononi. Mpaka sasa sijui nimkasirikie nani: polisi, Mama Huang anayeapa alitaka moto uzimwe tu, Kasmir na ukaidi wake, au mimi na moshi wangu. Nyama yote niliamriwa kuitupa. Niliijaza mifukoni kwa mikono yangu, imebaki kidogo tu ikauke.

Jana niliruhusiwa kumpelekea nguo. Wanasema watamrudisha nyumbani ndani ya wiki mbili, na hataruhusiwa kuingia tena kwa miaka kadhaa. Hakutaka nikupigie simu, usije ukapokea ukiwa buchani, wateja wamejaa. Ndiyo maana nampa Dainess, mwenzetu wa hapa, barua hii. Anasafiri kesho kuja nyumbani.

Msalimie sana Mama mdogo, kaka Thadeo na bibi. Mwenyezi Mungu awalinde nyote, na amfikishe Kasmir salama.

Nakuomba jambo moja, Baba. Akifika, usimuulize amerudi na nini. Mpe maji aoge, mpe chakula, mwache alale mpaka aamke mwenyewe.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Yustina