Maziwa ya Siku za Dawa

Baba,

Asubuhi hii nimemwaga maziwa ya Rosa, ndoo nzima, kwenye nyasi za nepia nyuma ya zizi. Kiwele chake kilivimba tena na daktari wa ng'ombe alimdunga juzi. Mwanao Kamau alisimama mlangoni akiniangalia kama mtu anayeibiwa. Ungekuwepo ungenigombeza wewe mwenyewe, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Unakumbuka sheria yako. Ng'ombe akidungwa, gari la maziwa halipokei maziwa yake kwa siku tatu, kwa sababu kiwandani wanapima dawa. Basi hayo yakawa yako. Mimi na Kamau ulitukataza, ukasema tumbo la mtoto ni laini, lakini kumwaga hukuweza. "Sijamkatia ng'ombe nyasi mwaka mzima ndiyo nimwagie mchwa," ulikuwa ukisema, halafu unajaza kikombe chako cha bati. Tangu Mama afariki ukawa unayapikia hata uji. Kuna wakati uliyatia kwenye kibuyu yagande yawe maziwa lala. Siku ya tatu tukafungua, yako vile vile, hayajaganda hata kidogo. Ulisema Rosa ni mkaidi mpaka ndani ya kibuyu, na tukacheka sana.

Macho yako yalipogeuka manjano na tumbo likajaa maji, madaktari wa Nakuru wakasema ni saratani ya ini. Mimi nikafikiria kile ambacho Dundori nzima ilifikiria. Huku kwetu ini ni ugonjwa wa walevi, basi. Nikakufikiria hivyo wewe, mzee wa kanisa, mtu uliyekuwa ukinusa dawa ya kikohozi kabla ya kuimeza, isije ikawa na pombe.

Nataka kusema juu ya ile siku ya stoo. Ulikuwa umeketi juani na blanketi. Niliingia, nikasogeza magunia ya viazi, nikainua turubai, nikachungulia hadi ndani ya pampu ya kunyunyizia dawa. Nilikuwa natafuta chupa ya pombe. Nilipotoka na vumbi magotini ukaniuliza polepole, "Umeipata?" Nikasema natafuta jembe. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta, kando yako kabisa. Wiki mbili baadaye tukakuzika.

Wasifu wako niliuandika mimi. Niliweka shamba, kanisa, ng'ombe, miaka yako na Mama. Mwishoni nikaandika kwamba ulituacha "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Ini sikulitaja. Nilidhani nalinda jina lako. Watu walifungua kijitabu cha mazishi pale kaburini, wakasoma, wakatazamana. Walikuwa na shaka tu mpaka siku hiyo. Mimi ndiye niliyewapa hakika, kwa kuficha.

Na Kamau naye alisoma. Yeye ndiye mwenye ng'ombe sasa, na kikombe chako alikirithi pamoja na sheria yake ya kunywa maziwa ya siku za dawa. Mwaka huu alianza kuchoka, akishika ubavu wa kulia akidhani simwoni. Sukari anayo, kama wewe. Nilimwambia aende apimwe. Akaniambia, "Niende niambiwe ni ini, watu waseme mimi pia ni mlevi kama buda wetu? Hata wewe uliona haya kuandika." Tulikaa hivyo kutoka kupanda viazi mpaka kuvuna, yeye akikonda, mimi nikinyamaza.

Jumanne iliyopita nilimfunga kamba, karibu kamba kweli, nikampeleka. Daktari alikuwa msichana mdogo. Alimuuliza kama anakunywa, Kamau akasema hapana, naye akaamini. Aliamini tu, Baba, hakupekua popote. Wakampima virusi vya homa ya ini, hakuna. Kisha akachora utumbo na ini kwenye karatasi, na mshipa mkubwa unaoviunganisha. Akasema ndani ya utumbo mnaishi bakteria wasiohesabika, wengi wao wa kutufaa. Lakini wale wabaya wakizidi na ukuta wa utumbo ukilegea, sumu zao huvuja na kupanda kwa ule mshipa, na ini ndilo linalozipokea kwanza. Ini huvimba, likapona na kovu, likavimba tena, miaka na miaka. Ini lenye makovu ndilo saratani hulipenda. Mtu anaweza kufika huko bila kuonja tone.

Hapo nikakumbuka kibuyu. Kwani maziwa lala ni nini kama si kazi ya bakteria? Dawa ya Rosa ilikuwa imewaua mle kibuyuni, labda na wale wazuri wa tumboni mwako, na sisi tulikuwa tunacheka. Nilimweleza daktari. Akasema hawezi kusema ni maziwa yaliyokuua, kwamba sukari na uzito wako vyenyewe vingeweza kuharibu ini, na huenda hatutajua kamwe. Ila maziwa hayo yasinywewe.

Ini la Kamau lina mafuta, na makovu yameanza. Uvimbe hawajauona. Atarudi kupigwa picha kila baada ya miezi sita, maisha yake yote. Njiani kurudi nilikuwa nahesabu ile miezi tuliyopoteza kwa sababu ya sentensi yangu moja, na bado naihesabu.

Jumapili ni ibada ya kukukumbuka. Nimeandika wasifu upya. Nitasimama pale ulipokuwa ukisomea matangazo, niseme kwamba baba yangu alikufa kwa saratani ya ini, na pombe hakuijua. Kamau amesema ataketi kiti cha mbele. Kila miezi sita nitakuwa naye kwenye kile kitanda cha kupigia picha, hata siku watakayotuambia tusichotaka kusikia. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Baba. Msalimie Mama.

Siku ile uliniuliza swali nami nikakujibu uongo. Sikuipata. Nilipekua stoo nzima na haikuwepo.

Binti yako,
Nyambura