Kromu kwenye saruji ya stesheni

Alhamisi

Jumatatu tulimpoteza mwalimu wetu wa kemia. Amefukuzwa mkoani pamoja na Wakasai wengine, warudishwe Kasai kwao, na mtihani wa serikali uko karibu. Ada ninajilipia mwenyewe kwa kuuza mikate.

Leo nilimfuata stesheni, anakolala na wanawe wakingoja treni. Hesabu ya chaji za dikromati ya potasiamu ilikuwa imenishinda. Akaandika fomula kwa mkaa kwenye saruji.

“Oksijeni saba, hasi kumi na ine. Potasiamu mbili, chanya mbili. Jumla lazima ifike sifuri, sawa vile mushahara yangu. Kromu mbili zibebe ngapi?”

“Chanya kumi na mbili. Kila moja sita.”

“Basi weye hauna lazima ya minye tena.”

Labda mimi simhitaji tena, lakini si mimi peke yangu. Darasani tuko arobaini.

Kesho saa moja, kabla ya kengele, mkuu wa shule anijibu: nani atatufundisha? Nataka jina, si “tutaona”.