Ukurasa wa Paka Aliyepotea

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mteja mpya, mtaa wa Mtopanga. Mama Kahaso — mjane wa hamsini na kitu, anatunza mbwa na paka wa watu wanaosafiri. Vyumba sita vya wavu nyuma ya nyumba, sakafu safi kuliko ya kwangu. Anataka nembo na tovuti.

Nikamwonyesha jina nililobuni, Coast Paws, na mbwa mweupe wa manyoya marefu. Akauliza kwa adabu kama hiyo ni dawa ya viroboto. Na yule mbwa? "Huyu simjui, mwanangu. Hajawahi kulala hapa."

Nimerudi na aibu kidogo.

Jumatano, 11 Juni
Nimeshinda kwake nikipiga picha. Kaletwa mbwa mkali kutoka Bamburi, mdomo umefungwa kamba. Mwenyewe kabaki getini, anaogopa mbwa wake!

Kahaso hakumsogelea. Alikaa chini, akampa mgongo, akachambua mchicha. Karibu nusu saa, kimya. Mbwa akaja mwenyewe, akanusa, akalaza kidevu kwenye goti lake. Ndipo akamfungua ile kamba.

Sijawahi kuona mtu mwenye subira hivyo. Nembo nimeichora pale pale: goti na kichwa cha mbwa, mistari minne tu. Jina: Kwa Kahaso. Akaitazama sana. "Huyu sasa namjua."

Ijumaa, 13 Juni
Tumekosana. Anataka ukurasa mmoja wa Marashi, paka wa Bi Jalila, jirani yake. Mwaka jana Kahaso aliachiwa paka huyo, akasahau kufunga mlango, paka akatoka. Kamtafuta siku kumi na moja. Hakuonekana. Wawili hawa hawajasemezana tangu hapo.

Nikamwambia hakuna biashara inayojitangaza kwa kosa lake. Na kuna Ronny, msimamizi wa nyumba za wageni Bamburi. Akiipenda tovuti, atamletea wanyama wa wageni wake wote mwaka mzima. Akisoma habari hiyo, atakimbia.

"Mtu ananiachia kiumbe chake, anapanda ndege," akasema. "Ajue anamwachia nani."

Sikukubali. Ila njia nzima nilikuwa namfikiria. Mimi sijawahi kumwambia mteja kosa langu hata moja.

Jumapili, 15 Juni
Alipotoka kanisani tukaenda kwa Bi Jalila kuomba ruhusa. Paka ni wake, alisema Kahaso, na habari ni yake. Tulipiga hodi mara tatu. Bi Jalila akatukaribisha, akaniitikia shikamoo yangu bila kumtazama Kahaso. Akaniambia nisome ule ukurasa, ambao mwishowe niliuandika jana usiku. Nikasoma.

Bi Jalila akatikisa kichwa.

"Umeandika alikuwa mweupe. Alikuwa na doa la rangi ya chai, sikio la kushoto. Andika sawasawa." Akaingia ndani, akatoka na picha.

Kahaso akashukuru. Bi Jalila akamjibu, "Ruhusa nimekupa. Radhi bado."

"Sawa, Bi Jalila." Hakuomba zaidi. Njiani alilia bila kujificha, akatembea vile vile, wima.

Jumanne, 17 Juni
Tovuti iko hewani tangu saa nne asubuhi. Picha ya Marashi imetoka vizuri, doa linaonekana.

Ronny kapiga simu sasa hivi. Kazi safi, amependa kila kitu. Lakini huo ukurasa wa paka — utoke, na leo leo atatia sahihi mkataba. Ukibaki, atatafuta mtu mwingine.

Nimempelekea Kahaso simu. Yuko chini na mbwa mzee asiye na meno, anamlisha ugali na mchuzi kwa vidole, tonge moja moja. Nimemweleza. Kanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie angoje kidogo, huyu hajashiba."

Kwa hiyo nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, naandika. Simu iko sakafuni. Ronny anaita haloo, haloo. Kahaso anakanda tonge lingine, bila haraka.

Kompyuta nimeifunga. Mkono wangu ulishaanza kwenda kufuta ule ukurasa.