Damu kwa Sinki Niliiona Mimi

Mathe, hata ukijifungia bedroom, bado nasema ni mimi niliona kwanza, si dada yangu Mumbi.

Chai iko kwa thamosi. Nimepigia kliniki, wamesema uje leo saa nne. Beba ile chupa ya dawa mpya ya presha. Usiache kuimeza kabla daktari aseme.

Wiki nzima nakuambia hizo alama nyeusi kwa mikono si za kuinua wagonjwa kazini, zilikuja na hiyo dawa. Ukasema mtu aliacha shule anyamaze. Leo fizi zimetoa damu, ukampigia Mumbi huko chuoni Annandale. Akasema labda ni dawa inafanya damu isigande vizuri. Maneno yangu yale yale! Yeye ukamwita “daktari wangu”, na hata unesi hajamaliza.

~~Mumbi akupeleke basi.~~ Mumbi ako class. Nakupeleka mimi, na huko ndani naingia pia. Daktari akiuliza nani aliona, taja jina langu.

Valia sweta. Naenda kupasha gari, nitoke kabla ufungue huo mlango nikusamehe bure.

Njuguna, kitinda mimba wako, yule si daktari