Spika ya Miguuni pa Lornah

Nyalenda, Kisumu
14 Novemba 1999

Kwako Mama Rosa,

Pokea salamu zangu za heshima, mimi mkweo Gordon. Natumaini goti lako limepata nafuu sasa, na kwamba dagaa wako wa omena wanakauka vizuri hapo Port Victoria licha ya mvua hizi. Sisi huku tunapumua, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Najua si kawaida mkwe kumwandikia mama wa mke wake barua ndefu. Nimemwomba shemeji Simiyu akuletee hii mkononi na akusomee mkiwa wawili tu. Mambo haya ungeyasikia kwa binti yako mwenyewe kama ingewezekana.

Kazi yetu unaijua. Lornah anaimba katika bendi ya Walter, nami ninakaa nyuma ya mitambo, nikipunguza ngoma na kupandisha sauti ya mwimbaji ili watu wasikie maneno. Siku uliyokuja kututazama pale bustani ya hoteli uliniuliza kama nimeajiriwa kulinda nyaya, tukacheka sana.

Mwanzoni mwa mwaka huu sauti yake ilianza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi, akanywa tangawizi na asali. Kufikia Pasaka alikuwa hawezi tena kupanda juu. Sauti ilipanda kidogo halafu ikateleza kama mguu kwenye matope. Watu wa hotelini wakaanza kuinamia samaki wao wakati anaimba. Walter akaniita pembeni akasema meneja ameuliza kama hakuna mwimbaji mwingine.

Ndipo Walter akaleta kompyuta kutoka Nairobi. Ni kitu kama televisheni na sanduku lake, na ndani yake mna programu ndogo ndogo zinazopachikwa kwenye programu kubwa, kila moja na kazi yake. Moja inasafisha mikwaruzo. Nyingine inaipa sauti mwangwi, kana kwamba mtu anaimba ndani ya kanisa kubwa. Ya tatu sikuizoea kamwe: inasikiliza sauti ya mwimbaji, na ikiona imepungukiwa, inaivuta mpaka mahali ilipotakiwa kufika. Zote tatu niliziweka juu ya sauti ya Lornah. Jumapili ya kwanza watu waliacha samaki mezani wakainuka kucheza. Walter alinikumbatia mbele ya wahudumu.

Lakini kompyuta hufikiri kabla ya kujibu, Mama. Sauti ikiingia, hutoka ikiwa imechelewa kidogo tu. Msikilizaji hatambui, ila mwimbaji anayejisikia akichelewa hujikwaa, kama mtu anayekanyagwa kisigino akitembea. Kwa hiyo ile spika ndogo inayowekwa miguuni pa mwimbaji ili ajisikie, ilinibidi niipelekee sauti yake yenyewe, bila kuguswa. Bustani nzima ilisikia sauti nzuri. Lornah peke yake pale jukwaani alisikia sauti inayochanika, na mbele yake watu wanapiga makofi.

Tukirudi nyumbani aliniambia anafikiri watu wanamhurumia. Nikamwambia hapana, wanampenda. Akauliza wanasikia nini hasa. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe.

Mwezi wa nane aliniomba nimsikilizishe kile wanachosikia watu. Tulikuwa tunajaribu vyombo, viti bado vitupu. Nikaigeuza sauti ile iende kwenye spika yake. Aliimba ubeti mmoja akanyamaza, maikrofoni ameishikilia kifuani.

“Gordon, huyu ni nani?”

Nikamwambia, “Ni wewe.”

“Mimi niko hapa,” akasema.

Tangu hapo alikataa kabisa kuimba na kompyuta. Walter alimsihi, kisha akakasirika, kisha akamsihi tena. Mwishowe wakakubaliana aimbe kwenye harusi ya Beldina, mpwa wake Walter, kule Maseno, halafu apumzike. Siku hiyo kabla ya kupanda jukwaani alikuja kwangu akaniambia nichomoe nyaya za kompyuta. Nikazichomoa.

Akaanza wimbo wa kanisani. Ubeti wa kwanza ulikwaruza lakini ulifika. Wa pili ulikuwa mnong’ono. Kwenye wa tatu, mdomo wake ulikuwa unaimba na hakukutoka kitu ila pumzi. Watu wakadhani mitambo imeharibika, wakageuka wote kunitazama mimi. Mzee mmoja akapaza sauti, “Fundi, washa!” Wengine wakapokea, “Washa, fundi!” Nami nilikuwa nimewasha kila kitu, Mama. Nilikuwa nimepandisha mpaka mwisho. Lornah hakushuka. Aliumaliza wimbo wote hivyo hivyo, kwa mdomo tu, akamwinamia bibi harusi, akaja nyuma akanong’ona nimpeleke kwa daktari.

Sasa kaa vizuri, Mama, na Simiyu akushike mkono.

Daktari alikuta uvimbe mbaya kooni, umekaa muda mrefu. Alisema ili aishi ni lazima waondoe ile sehemu yote inayotoa sauti. Lornah aliitikia kwa kichwa kabla mimi sijaelewa swali. Alipasuliwa Nairobi mwezi uliopita, wakati tulipokuambia bendi imesafiri. Yeye ndiye aliyetaka usijue. Alisema umetoka kumzika Baba juzi tu, na hataki ukae na hofu nyingine peke yako.

Yuko hai. Anakula uji na samaki wa kuchemsha. Anapumua kupitia tundu shingoni, analifunika kwa kitambaa cheupe. Hataongea tena. Tunatumia kibao cha shule na chaki. Kama ugonjwa umeisha au la, daktari anasema tungoje tuone, nami sitakupa matumaini ambayo yeye hakunipa.

Jumanne ulipopiga simu kwa jirani, nikakwambia ametoka kwenda sokoni Kibuye, alikuwa amesimama kando yangu, sikio lake pamoja na langu. Alikusikia ukimlaumu kwa kusahau nyumbani. Nilipokata simu alikwenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Kwenye bendi sasa anaimba Maximilla, na programu zile zinamfaa. Nimerudi kazini kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Lornah hajakanyaga tena pale bustanini.

Naomba jambo moja. Ukimwona, usimpazie sauti. Majirani hapa wanampigia kelele kama kiziwi, na masikio yake ni mazima. Mwongelee tu kama zamani, hata mambo ya omena, hata ya kumgombeza.

Nisalimie shangazi na majirani wote wanaotuulizia. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba tutafika Jumapili ijayo, lakini Lornah amesoma barua yote na kuchukua chaki yake. Anaomba tuje Jumatatu. Jumapili, ameandika, mtakuwa mnaimba kanisani.

Mkweo mwenye heshima,
Gordon Ogola