Karatasi Mbili za Bakuli la Bluu

Jumatatu, 4 Agosti

Kabla moyo wangu haujastaafu rasmi, niandike: kwa miaka thelathini nilimwibia mke wangu kura. Si kura za uchaguzi – hizo zina wataalamu wake. Kura ya likizo.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Shule niliyofundisha jiografia ikifungwa mwisho wa mwaka, bakuli la bati la bluu linatolewa kabatini. Mimi naandika karatasi mbili, moja Mlima, nyingine Bahari, kwa sababu mwalimu ndiye mwenye mwandiko. Nazikunja. Mama watoto anafumba macho, anatumbukiza mkono, anatoa moja. Mlima. Mwaka unaofuata, Mlima. Anacheka: "Huu mlima umenizimikia, Mwalimu." Ile iliyobaki naichoma jikoni. Mtu nadhifu mimi.

Zote mbili zilikuwa Mlima. Karatasi sitini, neno moja. Hata mwizi wa kuku hupumzika msimu mmoja.

Ana miaka mitano kaburini. Mchanga wa pwani hakuwahi kuukanyaga.

Jumatano, 6 Agosti

Kikao cha familia, sebuleni kwa binti yangu, ambako naishi na kushinda kati ya televisheni na cherehani. Ajenda: Baba apelekwe wapi kabla ya – hapo kila mtu akakohoa. Binti ni mfamasia. Hata huzuni yake huipima kwa miligramu. Kaka yake, injinia, yuko mbali kikazi, kwa hiyo alihudhuria kwa simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Saa nzima nimejadiliwa na kopo la sukari.

Kopo likasema twende mlimani, kwa kumbukumbu ya mama, maana mama aliupenda sana mlima.

"Aliupenda, au ulimwangukia?" akauliza binti. "Mama wa watu kila mwaka anachomoa mlima. Twende pwani, kwa niaba yake."

"Sema tu unataka kuogelea."

"Na wewe sema unataka kuvaa lile koti lako."

Wana miaka hamsini kasoro, hawa.

Mimi nilisema popote tu, wanangu. Sauti ya mzee mnyenyekevu. Nimeifanyia mazoezi.

Wakaafikiana: bakuli. Injinia atakuja wiki ijayo, kura ipigwe. "Baba ataandika, kama kawaida," akasema binti. "Hapo hakuna wa kulalamika."

Kweli kabisa. Mwenye haki ya kulalamika hayupo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkono unatetemeka. Nimejaribu kuandika Bahari, ikatoka kama mchoro wa mawimbi. Herufi sita, nikapumzika nusu saa.

Ijumaa, 8 Agosti

Kliniki. Daktari wangu ni mwanafunzi wangu wa zamani, dawati la nyuma kabisa, aliyewahi kuandika kwenye mtihani kwamba ikweta huonekana siku ya jua kali. Leo ndiye anayeamua nile chumvi kiasi gani.

Binti akamuuliza: mlima au pwani? Kule juu hewa nyepesi, kule chini joto.

"Kokote," akasema. "Muhimu mzee aende mapema." Kisha akaona uso wa binti, akaanza kutafuta kalamu aliyoishika mkononi.

Ili kuokoa hali akanigeukia mimi. "Ila ukifika baharini, Mwalimu, usirudie yale ya ujana. Dada, umeshasikia alivyovuka mkondo kwa kuogelea, maji yakiwa yanajaa? Alituchorea ubaoni. Kupwa na kujaa mimi nilielewa siku ile."

"Nimezaliwa nikaikuta hiyo hadithi," akasema binti.

Nikainamisha kichwa, shujaa asiyependa sifa. Presha ilipopimwa tena ilikuwa imepanda. Daktari akalaumu ngazi.

Jumapili, 10 Agosti

Wameenda harusini. Nyumba imetulia na mimi sina kisingizio.

Nilijipa sababu nyingi miaka ile. Joto. Mbu. Kifua cha mama watoto – kifua kilichopanda mlima kila mwaka kikiimba.

Siku moja kule juu, tumekaa kibarazani na blanketi magotini, alikuwa anamenya chungwa. Akauliza, "Bahari inanukaje?"

"Chumvi," nikajibu, msomi mzima.

Akamenya kidogo. "Chumvi haina harufu, Mwalimu. Naipikia kila siku." Akanipa kipande cha chungwa. Nikala, nikaona yamekwisha.

Mwaka wa thelathini na moja, ambao ukawa wa mwisho, mkono wangu ulishaanza mambo yake. "Nikusaidie kuandika?" akasema. Basi tukabadilishana: yeye akaandika, mimi nikachomoa. Mlima. Nikafikiri, angalau mara moja kura imekuwa halali, na bado nimeshinda. Kumbe hata mbinguni nina wapiga debe. Akaenda jikoni kuepua chai. Nami nikaikunjua ile iliyobaki, nilione neno Bahari kwa mwandiko wake.

Mlima. Kwa herufi zake za mviringo, hakuna hata moja iliyotetemeka.

Akarudi na vikombe. "Vipi, mlima tena?"

"Mlima."

"Haya. Nikatoe masweta."

Hivyo tu. Tukaenda. Miezi tisa baadaye nilimzika. Sikumuuliza alijua tangu lini. Zile karatasi zake mbili zimo ndani ya kamusi yangu, mahali salama kuliko benki: katika nyumba hii hakuna anayefungua kamusi.

Jumanne, 12 Agosti

Injinia amefika, safari hii na mwili wake. Koti analo. Baada ya chakula cha mchana bakuli likaletwa chumbani kwangu, na karatasi mbili, na kalamu nene inayouzwa kwa watoto wa chekechea. Binti akakaa ukingoni mwa kitanda, akageuza uso ukutani asichungulie. Mtu mwaminifu. Sijui kamrithi nani.

Mpango wangu ulikuwa mzuri: zote mbili Bahari. Mama yao akipate kwa wizi alichokikosa kwa wizi. Nikaandika ya kwanza. Kwenye ya pili mkono ukagoma. Ajabu. Umeiba miaka yote hiyo, leo ndiyo umepata dhamiri.

Binti akasikia kalamu imesimama. "Nikusaidie kuandika?"

Maneno yaleyale ya mama yake. Nikamwambia aniletee kamusi.

Mwandiko aliutambua hapohapo. Akazisoma zote mbili, akazigeuza nyuma kama anayetafuta tarehe ya kuisha kwa dawa. Nikamweleza: hizi mbili za mama yako, sitini zilizotangulia zangu.

"Kwa nini, Baba?"

"Joto."

"Baba."

"Kifua cha mama yako."

"Mama alikuwa na kifua gani? Mimi ndiye mfamasia."

Injinia akapaza sauti kutoka sebuleni: "Vipi huko, mnahesabu kura za nchi nzima?"

Binti akasogea karibu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kulikuwa na mtu huko pwani?"

Mtu. Laiti. Nilitamani kukubali. Mwanamke mwingine ni aibu inayoeleweka, hata ina hadhi fulani.

"Hakukuwa na mtu," nikasema. "Wala hakukuwa na mkondo."

"Mkondo gani?"

"Niliouvuka. Wiki ya kwanza nilipojuana na mama yako kulikuwa na kijana mwingine, ana gitaa. Mimi sikuwa na gitaa. Nikawa na bahari."

Hakucheka. Bado yuko hapa, bakuli mapajani, ananitazama ninavyoandika na hanizuii. Kaka yake amechoka kungoja. Amesimama mlangoni na koti lake. Binti ameniuliza tena, polepole, kama anavyouliza wagonjwa viziwi kaunta: sasa miaka yote hiyo uliogopa nini, kuzama?

Si kuzama. Niliogopa mama yao anitazame usoni siku ya kwanza ufukweni. Nimewaambia wote wawili, na naiandika hapa wakiwa wamesimama, nisije nikaibadilisha: nimefundisha jiografia miaka thelathini na minane, na sijawahi kuiona bahari.