Rozimari Niliyoikata kwa Msumeno

Jumapili, Julai. Mwika.

Baridi ya leo inakera. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, mlima hatujauona tangu Alhamisi, na soksi nilizofua zina siku tatu kwenye kamba. Ni saa tisa mchana. Nimekaa jikoni karibu na moto, simu mkononi, na sina hamu ya kumpendeza mtu yeyote.

Wasomaji wangu mnanijua kwa mambo ya bustani. Mmekuwa mkiniuliza mbona siweki tena picha za ule uzio wangu wa rozimari, na wengine nimewajibu kwamba mvua imeozesha mizizi. Nimewadanganya. Mizizi ilikuwa mizima kabisa.

Niliikata mwenyewe.

Ile rozimari niliianza kwa vijiti saba, nilivyopewa na mama mmoja mpishi wa hoteli huko mjini. Haipendi udongo unaotuama maji, na huku kwetu mvua haina adabu, kwa hiyo niliinua tuta, nikachanganya mchanga na kokoto, nikaibembeleza mwaka mzima. Mwaka wa tatu ulikuwa uzio unaonifika kiunoni, hatua ishirini na kitu, kutoka mlango wa nyumba ndogo ya Mama hadi kwenye kaburi la baba mkwe. Niliichemsha chai. Niliisuuzia nywele. Mbuzi wa Krismasi hakuchomwa hapa bila kupakwa rozimari na kitunguu saumu, na majirani walikuwa wakija na vikapu kuomba matawi.

Mama ninayemtaja ni mama mkwe wangu. Presha ya macho ilimchukua taratibu, jicho la kushoto kwanza, halafu la kulia, na sasa haoni hata mwanga wa mlango. Lakini alikuwa anatembea. Kila asubuhi alitoka, akaweka kiganja juu ya rozimari, akaifuata hadi mwisho, akakaa kwenye ukingo wa kaburi la mumewe akisali rozari. Njia ya choo ilikuwa pale pale katikati, kwenye pengo nililoliacha. Akirudi, mikono na kanga vilinukia. Hakuwahi kusema asante. Aliiita majani ya mbuzi wa Majengo, kwa sababu mimi nimezaliwa Majengo, Moshi mjini, na kwake jambo hilo halikuisha hata baada ya miaka tisa ya ndoa.

Nilimchukia. Naandika hivyo hivyo lilivyo.

Wiki tatu zilizopita jumuiya ilisali kwetu. Niliwapikia akina mama chai ya rozimari na mihogo. Mmoja akasifu chai, akaniuliza nafanyaje bustani yangu ikastawi hivi. Kabla sijafungua mdomo, Mama akajibu kutoka kwenye kona yake.

"Huyo anajua kuotesha kila kitu. Tumbo lake tu ndilo lisilootesha."

Mimba zangu mbili zimetoka. Ya pili ilitokea hapa nyumbani, na Mama alikuwepo, bado anaona kidogo, na ndiye aliyefua yale mashuka. Anajua nililia kiasi gani. Akina mama wakaangalia ndani ya vikombe vyao. Mmoja alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

Kesho yake asubuhi nilichukua msumeno.

Hapa kwenye blogu nimewafundisha mara nyingi: rozimari ikate penye majani mabichi, usishuke hadi kwenye shina kavu la kahawia, ukishuka huko haichipui tena. Nilishuka huko huko. Nilipiga magoti kwenye umande nikakata shina moja baada ya jingine, hatua ishirini na kitu. Harufu ilijaa kihamba chote, shamba letu la nyumbani, mpaka ng'ombe wakaanza kupiga chafya. Nilivuta matawi nikayalundika nyuma ya banda. Sikulia. Nilijisikia vizuri, tena vizuri sana, kuliko nilivyojisikia kwa muda mrefu.

Halafu nikasimama dirishani na kikombe cha chai, nikangoja.

Mama alitoka. Akanyoosha mkono wake wa kulia kama kawaida, ukapita hewani. Akaunyoosha tena, chini zaidi. Akapapasa kwa mguu, kandambili ikagonga kisiki. Aliinama akakishika kile kisiki kwa muda, akanusa vidole. Kisha akageuka, akahesabu hatua za kurudi mlangoni akigusa ukuta. Mimi nikamaliza chai yangu.

Tangu siku hiyo hakutoka. Alianza kutumia ndoo chumbani, na wa kuimwaga nani kama si mimi? Ubaya wangu ulinirudia na harufu yake. Niliibeba asubuhi na jioni nimeziba pua kwa mtandio, na bado sikujuta.

Mume wangu, Deo, anafanya biashara Tarakea na hurudi mwisho wa wiki. Aliporudi akaona visiki, akauliza. Nikamwambia imeoza, mvua za mwaka huu zimezidi. Mama alikuwa amekaa hapo hapo mlangoni pake, masikio yake ni mazima, na vidole vyake alikuwa amevinusa. Hakusema neno. Nilimchukia zaidi kwa kunyamaza kule, kwa sababu kama angenishtaki ningekuwa na la kumjibu.

Ndoo ndiyo iliyoamua kila kitu. Deo akampigia dada yake Anjela, anayeishi Dar, wakazungumza siku mbili. Mama hatoki tena, Mama amekwisha, Mama akakae kwa Anjela kwenye nyumba yenye choo cha ndani. Mama aliposikia alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Alisema anataka kufa hapa na kuzikwa kando ya mumewe, na kwamba watu wanaopelekwa Dar wanarudi kwenye sanduku. Deo naye, ambaye hapendi ugomvi, akamalizia kwa kunitupia mimi mzigo.

"Mama, mke wangu akisema anaweza kukuangalia, utabaki. Akisema hawezi, mimi nifanyeje?"

Nilikuwa namenya ndizi za mtori. Niliendelea kumenya.

Sasa niwaeleze kitu wasomaji wa mbali. Huku kwetu, kwenye mipaka ya vihamba na makaburini, kuna mmea wenye majani marefu, mapana kiasi, unaitwa sale. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la sale alilolifunga fundo, umemsamehe. Hakuna mjadala. Hata kama amekuchomea nyumba, ukiletewa sale unalipokea na mambo yameisha, na ukikataa, ni wewe sasa uliyekosa mbele ya ukoo mzima. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliyang'oa masale matatu nikidhani magugu, nipate pa kupanda mchaichai. Mama aliwasimulia watu wote wa kanisani. Alinifundisha maana yake kwa kunizomea, lakini alinifundisha.

Leo asubuhi Deo alikwenda barabara kuu kumngojea Anjela na gari. Mimi nilikuwa bandani nakamua. Niliporudi na ndoo ya maziwa nilimkuta Mama amesimama mlangoni mwa jiko langu. Sketi yake ya Jumapili ilikuwa na tope mpaka mapajani, na magoti yote mawili yamechubuka. Kandambili moja hakuwa nayo. Alikuwa ametoka peke yake, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, bila kitu cha kushika, akatambaa kwenye umande akitafuta kaburi.

Mkononi alishika jani limefungwa fundo katikati.

"Mwanangu," aliniambia. Hajawahi kuniita hivyo. "Nimekuletea sale. Lile neno la tumbo nililisema vibaya. Nilikuona ukilia, halafu nikalisema. Lipokee, umwambie Deo nibaki."

Nililitazama lile jani. Masale ya karibu yako kaburini, na njia ya kaburini nimeifuta kwa msumeno. Alikuwa amepotea kushoto, akaishia karoni ninakofulia, kwenye yungiyungi zangu. Majani yake nayo ni marefu na laini, na vidole vyake vimepasuka kwa miaka ya kuchuma kahawa, tena kwa baridi ile. Alikuwa ameleta jani la ua.

Kila Mchagga anayejiheshimu angelipokea. Jirani yangu yeyote angesema sale ni nia, akamkalisha mama wa watu kwenye moto, akamsafisha magoti. Hata mimi wa Majengo nilijua hivyo. Nilikuwa nimesimama na ndoo ya maziwa, na ndani yangu kuna kitu kilichokuwa kinacheka.

"Hili si sale, Mama. Ni jani la maua."

Alilipapasa kutoka kwenye shina hadi kwenye ncha, akapita juu ya fundo, akarudi. Akalinusa.

"Si sale?"

"Si sale."

Kisha akanyoosha mkono upande niliokuwa nimesimama, ukashika hewa. "Basi nipeleke, nichume lenyewe. Ni hapo tu."

Ni hapo tu, kweli. Ni dakika mbili, kwa mwendo wake labda nne.

Nikamwambia gari limeshafika, Anjela anapiga honi kule chini, hakuna muda. Hapakuwa na honi. Gari lilikuja baada ya saa nzima. Saa hiyo yote alikaa kitandani kwake, nimemvalisha sketi nyingine, sanduku miguuni, akisikiliza. Lazima alijua kwamba hakuna gari. Nilipita mlango wake mara tatu nikijifanya natafuta kanga zake, na kila nilipopita aligeuza uso kunifuata, akingoja. Ningeweza kumshika mkono hata mara ile ya tatu. Lile jani alikuwa bado analo, amelilaza juu ya mapaja.

Walipofika, nilimkumbatia Anjela, nikampakia ndizi, parachichi na chupa ya maziwa. Mama aliingia garini, Deo amemshika kiwiko. Aliomba kitu kimoja tu, wampitishe kaburini. Anjela akasema watachelewa, foleni za Dar hazina mchezo, watapita wakija Desemba. Nilifunga mlango wa gari mimi mwenyewe. Deo akapanda nao kuwasindikiza mpaka Himo.

Nilifagia chumba chake. Niliosha ndoo, nikaianika juani ingawa jua lenyewe hakuna. Nilikula mtori sahani mbili. Nawaambia ukweli wote, hata huu wa mtori.

Saa nane simu iliita. Ujumbe wa Anjela.

"Wifi, Mama ametuambia umelipokea sale lake. Tumelia wote humu garini. Mungu akubariki sana."

Nimeusoma mara nyingi sana. Nimejaribu kujua Mama alikuwa na maana gani. Labda amenifunika, kama alivyonifunika kwenye ile rozimari. Labda amenikomoa, kwa sababu sasa ukoo mzima utajua nimesamehe, nami siwezi kulalamika tena juu ya lile neno la tumbo mpaka nife. Au labda ni mwanamke mzee anayepelekwa asikotaka, akaona bora aondoke akiwa amepatana na watu, hata kwa uongo. Sijui. Yeye mwenyewe siwezi kumuuliza.

Nimemjibu Anjela: "Amina wifi. Msafiri salama."

Halafu Deo amerudi. Amesimama hapo mlangoni, koti limelowa, uso umemjaa furaha ambayo sijaiona miezi mingi. Amenishukuru. Ameniita mke mwema. Kisha furaha ikaanza kupungua taratibu, nikaona kabisa anavyolipiga hesabu lile jambo kichwani, na akaniuliza, kwa upole tu, hana shaka yoyote:

"Sasa kama mlishapatana, mbona umemwacha aende?"

Moto ulikuwa unatoa moshi. Nimeupuliza kwanza.

"Alitaka mwenyewe," nimemwambia.

Ameitikia kwa kichwa. Ameniamini. Amevua koti, amekwenda kukaa kwenye kile chumba kitupu, na mpaka sasa ninapoandika sijamsikia akitoka.

Kesho kutapambazuka kama siku zote, nami nitaamka kwenye nyumba isiyo na mama mkwe, ile niliyoitamani kwa miaka tisa. Nitamtazamaje Deo akiniita mke mwema?